Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Ufungaji wa Bawa kwenye Bamba la Mpiga Mbizi wa Mtungi Mmoja

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii huhusishwa aghalabu na vyombo vya baharini kama vile jahazi, mashua na ngalawa, ambavyo havikuota ufuoni kama mikoko bali vilitoka mikononi mwa mafundi waliojua kila ubao unakaa wapi na kwa nini. Makala haya yanaiteremsha methali hiyo chini ya uso wa maji. Yanadhamiria kueleza jinsi mpiga mbizi anayetumia mtungi mmoja wa hewa anavyofunga bawa, yaani kifuko cha kumwezesha kuelea, kwenye bamba la chuma analovaa mgongoni. Kazi yenyewe huchukua dakika chache mezani. Hata hivyo, ikifanywa visivyo, kosa lake hujitokeza mahali ambapo hakuna meza wala dakika za ziada.

Mada hii huenda ikaonekana ngeni katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Ugeni huo hupungua mtu anapokizingatia kitenzi 'elea'. Kitu kikikaa majini bila kuzama, kinaelea. Jambo likimkaa mtu akilini bila utata, limemwelea. Kauli ya kutendesha ya umbo hilo ni 'eleza', na kwa mujibu wa umbo la neno, anayeeleza jambo analifanya lielee. Liwe ni neno moja lenye maana mbili au maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa, uhusiano huo unaifaa mada iliyopo. Maelezo ya kifaa cha kuelea yanapaswa yenyewe kuelea. Yakizama, huenda yakazama na mtu.

Suala hili si la nadharia tupu. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968, na matumbawe yake huwavutia wapiga mbizi kutoka mbali. Mjini Mombasa, kati ya mwaka wa 1977 na 1980, wanaakiolojia walipiga mbizi mbele ya Fort Jesus ili kuchunguza mabaki ya Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka wa 1697 ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa. Shughuli za namna hii hutegemea mikono ya watu wengi: manahodha, wajazaji wa mitungi, wabebaji na wasaidizi wa wakufunzi, ambao katika pwani hii huzungumza Kiswahili wanapokabidhiana vifaa. Miongozo inayofungashwa pamoja na vifaa hivyo, kwa upande mwingine, huandikwa aghalabu kwa lugha za watengenezaji na za masoko yao makubwa. Swali linalozuka ni hili: je, maagizo ambayo uhai wa mtu unayategemea yanaweza kutolewa kwa Kiswahili pasi na kuacha shaka? Makala haya yanalijibu kwa vitendo, kwa kuyatoa maagizo yenyewe na kuonyesha mahali ambapo lugha huweza kuteleza.

Asili ya bamba na bawa

Mwaka wa 1943, Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walifanikisha kifaa cha kupumulia kinachompa mpiga mbizi hewa kutoka mtungini kulingana na kina alichopo. Katika miaka ya mwanzo mtungi ulifungwa mgongoni kwa mikanda tu, na aliyeuvaa hakuwa na chombo cha kurekebisha kiwango cha kuelea kwake. Baadaye vilikuja vifuko vya kujazwa hewa vilivyovaliwa kifuani, kisha makoti yenye hewa yanayomzunguka mvaaji kiwiliwili chote.

Bamba na bawa vilizaliwa kwingine, katika mapango yaliyojaa maji huko kaskazini mwa jimbo la Florida nchini Marekani. Mwaka wa 1979, Greg Flanagan aliwaundia wapiga mbizi wa mapangoni umbo la awali la kifaa hiki, na William Hogarth Main akaliendeleza. Mazingira ya pangoni ndiyo yaliyokichonga. Sakafu ya pango ina tope laini linaloweza kutibuka na kuziba mwanga wote, hivyo mpiga mbizi hulazimika kulala sambamba na sakafu kama samaki bila kuburura miguu. Aidha, juu yake kuna mwamba, wala si anga. Hawezi kupanda moja kwa moja akiishiwa na hewa. Kwa sababu hiyo alibeba mitungi miwili. Hewa ya kumwelesha ilihamishwa kutoka kifuani hadi mgongoni ili imwinue kutoka juu na kumwacha amelala sawasawa.

Jambo la kukumbukwa hapa ni kwamba bamba lilizaliwa kwa ajili ya mitungi miwili. Wapiga mbizi wa baharini walipolipenda na kutaka kulitumia kwa mtungi mmoja, ilibidi njia ya kuliunganisha na mtungi huo itafutwe. Takriban kila hatua itakayoelezwa hapa chini inatokana na historia hiyo.

Vifaa na majina yake

Bamba ni kipande cha chuma cha pua au cha alumini kinachokaa baina ya mabega na kiuno. La chuma cha pua lenye unene wa milimita 3 huwa na uzito wa kilo 2.5 hadi 3, ilhali la alumini huwa karibu kilo 1. Bamba limekunjwa katikati, kutoka juu hadi chini, kwa namna kwamba upande mmoja lina tuta na upande wa pili lina mfereji. Katika mstari huo wa katikati kuna matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 28. Pembeni mwa mstari huo, mabamba mengi yana mianya mirefu ya kupitishia mikanda ya mtungi.

Mikanda ya mwili ni utepe wa nailoni wenye upana wa sentimita 5, unaopita begani, ukazunguka kiuno na kufungwa kwa bizimu. Sehemu nyingine hutoka chini ya bamba, ikapita kati ya mapaja na kushikwa na mkanda wa kiunoni. Kiswahili kina neno la jambo hili: kupitisha nguo kati ya mapaja na kuichomeka kiunoni ni kupiga uwinda. Kwa hivyo, sehemu hiyo inaweza kuitwa mkanda wa uwinda pasi na kubuni neno jipya. Kazi yake ni kulizuia bamba lisipande kuelekea kisogoni bawa linapojaa hewa.

Bawa ni kibofu kilichovikwa kitambaa kigumu. Lina bomba la kujazia linalotoka juu na kupita juu ya bega la kushoto, na vali ya kutolea hewa iliyo sehemu ya chini, kwa kawaida upande wa kushoto. Kiungo cha mwisho ni tandiko, kipande cha chuma chenye kingo mbili ndefu zinazoupokea mviringo wa mtungi. Tandiko la punda hukaa baina ya mgongo wa mnyama na mzigo ili mzigo usiyumbe. Hili nalo hukaa baina ya bawa na mtungi kwa dhamira iyo hiyo.

Majina haya hayakuchaguliwa kwa ajili ya mapambo. Mtu angeweza kuliita bawa 'boya' au 'koti la kuokolea', kwa kuwa yote hujaa hewa na kuelea. Jina hilo lingekuwa la hatari. Koti la kuokolea huundwa ili limgeuze aliyezirai auangalie mbingu. Bawa huweka hewa mgongoni, na likijazwa kupita kiasi juu ya maji huweza kumsukuma mvaaji auinamishie maji uso wake. Anayesikia 'koti la kuokolea' hutarajia kuokolewa. Anayesikia 'bawa' hutarajia kubebwa akiwa macho. Hali kadhalika, 'mzamiaji' lingefaa kwa umbo lake, lakini katika matumizi ya mitaani neno hilo limekwisha kutwaliwa na anayejificha melini ili asafiri bila idhini. 'Mpiga mbizi' ndilo jina lisiloleta mashaka.

Tatizo la mtungi mmoja

Mitungi miwili ikiwekwa sambamba huacha bonde katikati yake. Tuta la bamba hulala ndani ya bonde hilo, na bolti zinazotoka kwenye vishikio vya mitungi hupenya bawa, zikapenya bamba, na kukazwa kwa nati ndani ya mfereji, mahali ambapo haziwezi kuuchoma uti wa mgongo. Kila kitu kina makao yake.

Mtungi mmoja hauna bonde. Unapokabiliana na bamba, hutanguliza tumbo lake la mviringo, na tuta nalo limebinuka kuelekea huko huko. Vitu viwili vilivyobinuka vikikutana hugusana katika mstari mwembamba. Mtungi uliokaa hivyo huyumba kushoto na kulia kila mpiga mbizi anapojigeuza, na uzito unaoyumba mgongoni humchosha na kumvuruga mizani.

Tatizo hili lina masuluhisho mawili makuu. La kwanza ni tandiko, ambalo huligeuza tuta moja kuwa kingo mbili zinazoukumbatia mtungi. La pili ni bawa lililoshonewa vizuizi viwili vinene katikati yake, vinavyofanya kazi ya kingo hizo. Bawa la aina hii huwa na mianya yake yenyewe ya kupitishia mikanda, na huondoa haja ya tandiko. Mpiga mbizi anapaswa kujua ana bawa la aina gani kabla ya kuanza kufunga, kwa kuwa safari ya mkanda hutofautiana.

Kuchagua bawa linalofaa

Uwezo wa bawa hupimwa kwa kilo ambazo linaweza kuziinua. Mabawa ya mtungi mmoja huwa aghalabu na uwezo wa kilo 11 hadi 16, na ya mitungi miwili huwa makubwa zaidi. Dhana kwamba kubwa ndilo bora haina msingi. Bawa pana lililofungwa kwenye mtungi mmoja hukosa kitu cha kulitandaza. Huukunjia mtungi kutoka pande zote mbili kama chapati iliyokunjwa kwa nyama. Hewa hunaswa katika mikunjo, vali haziifikii, na mpiga mbizi anayetaka kuitoa hewa wakati wa kupanda huikosa njia.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kiasi kinachohitajika. Mtungi wa lita 11 ukijazwa hadi shinikizo la mara 200 ya hewa ya kawaida huwa na takriban lita 2,200 za hewa. Lita moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu 1.2, hivyo hewa iliyomo ina uzito wa kilo 2.6. Hewa basi si kitu kitupu: mpiga mbizi huanza safari akiwa mzito kuliko atakavyoimaliza, na bawa halina budi kuifidia tofauti hiyo.

Jambo la pili ni vazi la mpira lenye viputo vya gesi ndani yake. Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Katika mita 30 huwa mara nne. Viputo hubanwa, vazi hunywea, na uwezo wake wa kuelea hupungua. Tuchukulie kwa mfano vazi linaloelea kwa nguvu ya kilo 5 juu ya maji. Katika mita 30 viputo vyake hubaki takriban robo ya ukubwa wa awali, na vazi likawa limepoteza karibu kilo 4. Zikijumlishwa na kilo 2.6 za hewa, hitaji ni kilo 6.6. Bawa la kilo 11 hadi 14 basi linatosha, na linabakiza akiba ya kumshikilia mvaaji kichwa kikiwa juu ya maji.

Hesabu hii ina upande wa pili. Uzito wa bamba la chuma cha pua ni sehemu ya uzito wa kumzamisha mpiga mbizi, kwa hivyo kiasi kama hicho hupunguzwa kwenye risasi za kiunoni. Lakini risasi huweza kutupwa wakati wa dharura, ilhali bamba haliwezi. Anayevaa vazi jepesi, bamba zito na mtungi mzito wa chuma huweza kujikuta hana risasi yoyote ya kutupa. Kigezo cha kupima ni swali moja: iwapo bawa litatoboka, je, ataweza kuogelea hadi juu kwa nguvu za miguu yake? Jibu likiwa la, vifaa hivyo havijamfaa, hata vikiwa vimefungwa barabara.

Juu, chini na kushoto ya nani?

Kabla ya hatua zenyewe, kuna kikwazo cha kilugha kinachopaswa kuondolewa. Agizo 'weka bawa mbele ya bamba' lina maana zaidi ya moja. Bamba halina macho, na mbele yake hutegemea anayelitazama. Kwa aliyelivaa, mbele ni upande wa mwili wake; kwa aliyesimama nyuma yake akiwa na mtungi mkononi, mbele ni upande wa mtungi. Wote wawili ni sahihi, na mmoja wao atafunga kifaa kinyume.

Utata huo hutatuliwa kwa kuyaepuka maneno hayo. Badala ya 'mbele' na 'nyuma', bamba liwe na upande wa mgongo, wenye mfereji, na upande wa mtungi, wenye tuta. 'Juu' na 'chini' yawe ya mvaaji aliyesimama, wala si ya meza. 'Kushoto' na 'kulia' nayo yawe ya mvaaji daima. Bamba likilazwa mezani upande wa mtungi ukiwa juu, na sehemu ya mabega ikiwa mbali na fundi, kushoto kwa mvaaji ni kushoto kwa fundi, kwa kuwa fundi anamtazama kutoka mgongoni. Likigeuzwa, pande nazo hugeuka. Mkufunzi anayeyasema haya mwanzoni hujiepusha na maswali mengi, na humwepusha mwanafunzi na bomba linalotokea bega la kulia.

Hatua za ufungaji

Hatua ya kwanza ni kulilaza bamba mezani upande wa mgongo ukiwa chini. Mikanda ya begani husambazwa pembeni ili isibanwe.

Hatua ya pili ni kuliweka bawa juu ya bamba. Bomba la kujazia huelekea sehemu ya mabega, upande wa kushoto wa mvaaji, na vali ya chini hukaguliwa iwapo ipo mahali ambapo mkono utaifikia. Matundu ya bawa hulinganishwa na yale mawili ya bamba. Mabawa mengi yana matundu kadhaa ili bawa lipandishwe au literemshwe. Kwa kuanzia, huchaguliwa yale yanayoliweka bawa katikati ya bamba.

Hatua ya tatu hutegemea aina ya bawa. Kwa anayetumia tandiko, mikanda miwili ya mtungi hupitishwa kwanza kwenye mianya ya tandiko, kwa kuwa tandiko likishakazwa ni vigumu kuipitisha. Kisha tandiko huwekwa juu ya bawa, bolti zake mbili zikapenya bawa na bamba, na kutokea ndani ya mfereji. Hapo hukazwa kwa nati zenye masikio, ambazo vidole vinatosha kuzikaza barabara. Mpangilio, kuanzia mwilini, ni bamba, bawa, tandiko, mtungi. Kabla ya kukaza, fundi hupitisha kidole kuzunguka kingo za tandiko ili kuhakikisha kwamba kibofu hakikukunjika chini yake.

Kwa asiyetumia tandiko, mkanda huingia kutoka upande wa mtungi kupitia mwanya wa bawa, ukapita kwenye mwanya wa bamba ulio sambamba nao, ukakatiza mfereji upande wa mgongo, kisha ukarudi kupitia mwanya wa pili wa bamba na mwanya wa pili wa bawa. Mkanda wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Agizo la mkato la 'pitisha mkanda kwenye mwanya' halitoshi hapa. Mkanda uliopita kwenye bamba pekee huliacha bawa bila mshikilio. Mkanda uliopita kwenye bawa pekee hulifunga bawa kwa mtungi, na kumwacha mpiga mbizi akiwa amevaa bamba lisilounganishwa na chochote anachokitegemea. Parafujo mbili fupi zinaweza kutiwa kwenye matundu ya katikati ili bawa lisiteleze mtungi unapokuwa haupo, lakini hizo hazichukui nafasi ya mikanda.

Hatua ya nne ni kuulowesha mkanda. Utepe wa nailoni hulegea kidogo unapolowa. Uliokazwa ukiwa mkavu juu ya boti huweza kulegea baharini, na mtungi ukateleza kutoka mahali pake. Ndoo moja ya maji hulizuia jambo hilo.

Hatua ya tano ni kuuvika mtungi. Mtungi husimamishwa, tundu la vali likielekea bamba na kitasa cha kufungulia kikiwa kulia kwa mvaaji. Mikanda huteremshwa juu yake kutoka kwenye vali. Kimo huchaguliwa ili mpiga mbizi akiinua kichwa asigonge vali kwa kisogo, na akinyoosha mkono nyuma aweze kuifikia. Mkanda wa juu hukaa chini ya bega la mtungi, yaani mahali ambapo mviringo wa juu unaishia na ubavu ulionyooka unaanza. Ukikaa kwenye mviringo utateleza. Bizimu huwekwa ubavuni mwa mtungi, mbali na kibofu, kisha hufungwa kwa nguvu. Utepe hupitishwa kwenye mianya yote ya bizimu kwa mfuatano ulioonyeshwa na mtengenezaji. Mwanya mmoja ukirukwa, bizimu huonekana kuwa imefunga ilhali haijashika.

Hatua ya sita ni kukifunga kidhibiti hewa kwenye vali na kuuunganisha mpira wake wa upande wa kushoto na bomba la kujazia. Mpira huu ndio unaolijaza bawa kwa kubonyeza kitufe. Bomba lenyewe hushikwa kwa kitanzi kwenye mkanda wa bega la kushoto ili lisielee ovyo.

Ukaguzi

Kilichofungwa bila kukaguliwa ni dhana tu. Ukaguzi wa kwanza ni wa mkono: fundi hushika sehemu ya juu ya bamba, akakinyanyua kifaa chote na kukitikisa. Mtungi ukisogea hata kidogo, bizimu hufunguliwa na kukazwa upya. Wa pili ni wa sikio: bawa hujazwa hadi vali ya usalama itoe hewa yenyewe, likaachwa kwa dakika kadhaa. Likinywea, lina tundu, na halifai kuingia majini siku hiyo. Wa tatu ni wa vali: kila vali huvutwa kwa zamu ili kuhakikisha kwamba inafungua na kufunga. Wa nne ni wa mdomo: bawa hujazwa kwa pumzi kupitia bomba, kwa kuwa mtungi ukiisha, pumzi ndiyo itakayosalia.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika majini. Karibu na mwisho wa safari, mtungi ukiwa umebakiza hewa kidogo, mpiga mbizi anapaswa kuweza kutulia katika kina cha mita 5 bawa likiwa karibu tupu. Akipanda bila kutaka, amebeba uzito pungufu. Akilazimika kulijaza bawa ili asizame, amebeba uzito uliozidi.

Baada ya safari, bawa huoshwa kwa maji baridi nje na ndani. Chumvi iliyokauka ndani ya vali huizuia isifunge, na vali isiyofunga ni sawa na bawa lililotoboka. Ifahamike kwamba makala haya hayachukui nafasi ya mkufunzi aliyehitimu. Yanampa mwanafunzi wake maneno ya kumwulizia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufungaji wa bawa kwenye bamba ni mfuatano wa sababu. Tuta lipo kwa kuwa mitungi ilikuwa miwili; tandiko lipo kwa kuwa mtungi sasa ni mmoja; mkanda hupenya tabaka zote kwa kuwa uhai wa mvaaji unategemea tabaka zote kushikana. Anayezijua sababu hahitaji kuzikariri hatua, na akikutana na kifaa chenye umbo tofauti atajua pa kuanzia.

Kwa upande wa lugha, yamebainika mambo mawili. Mosi, Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kazi hii: tandiko, uwinda, bizimu, tuta na mfereji yalikuwapo kabla ya mtungi wa hewa kufika pwani. Pili, jina peke yake halitoshi. Mtu anaweza kuyajua majina yote ya vifaa na bado akafunga bawa kinyume kwa sababu aliyemwelekeza hakusema kushoto ni kwa nani. Wanaoshughulikia istilahi hutumia muda mwingi kutafuta majina ya vitu. Ni vyema sehemu ya juhudi hiyo ielekezwe kwenye sentensi zinazoagiza mambo yatendwe: nani anatazama, kutoka upande gani, na kipi kinatangulia kipi.

Msaidizi anayemkabidhi mtu kifaa hiki juu ya boti, akamwambia kwa Kiswahili kwamba mikanda imeloweshwa na imepenya bawa na bamba, amemwambia jambo ambalo mwenziwe ataliegemezea pumzi zake kwa muda wa saa nzima. Vyaelea vimeundwa, na maelezo yake nayo hayana budi kuundwa.